Djibril Diop Mambéty: Mwelekezi wa Filamu Chache Zisizosahaulika

Katika tarihi ya filamu barani Afrika, wapo waelekezi waliotunga kazi nyingi, na wapo waliotunga chache zikaganda nyoyoni mwa watazamaji. Djibril Diop Mambéty wa Senegal ni wa kundi hili la pili. Katika uhai wake alikamilisha filamu ndefu mbili tu, pamoja na fupi chache.

Mambéty alizaliwa mwaka wa 1945 katika mtaa wa Colobane, Dakar. Hakusomea uelekezaji wa filamu chuoni. Alianza kama mwigizaji katika ukumbi wa kitaifa wa Daniel Sorano, lakini akafukuzwa kwa kukosa nidhamu. Mlango huo ulipofungwa aligeukia kamera, na kufikia mwaka wa 1970 alikuwa amekwisha kutoa Contras' City na Badou Boy.

Mwaka wa 1973 aliitoa Touki Bouki, yaani safari ya fisi kwa Kiwolof. Humo Mory, kijana mchunga ng'ombe, na mpenziwe Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu, wanazunguka Dakar kwa pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, wakisaka kwa hila na wizi nauli ya meli ya kwenda Paris. Meli inapokaribia kung'oa nanga, Anta yumo ndani. Mory anageuka na kukimbilia mjini. Matukio hayafuatani kwa mpangilio wa kawaida. Machinjio, bahari na ndoto vimesukwa pamoja, hata mtazamaji akabaki akijiuliza kipi kilitendeka na kipi kiliwazwa tu.

Baada ya hapo, karibu miaka 20 ilipita bila filamu nyingine ndefu kutoka kwake. Alirejea mwaka wa 1992 kwa Hyènes, aliyoijenga juu ya tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi. Ramatou, bibi tajiri, anarudi Colobane alikofukuzwa ujanani akiwa mjamzito. Anawaahidi wenyeji mali tele kwa sharti moja: wamuue Dramaan, aliyeikana mimba hiyo. Mwanzoni wanakataa kwa kiburi. Kisha viatu vipya na vyombo vya umeme vinaanza kuonekana majumbani mwao. Mwishoni umati unamzingira Dramaan, na unapotawanyika, koti lake pekee ndilo linalobaki chini. Katika ngano zetu fisi ni mlafi mpumbavu. Kwa Mambéty, fisi ni jirani anayesubiri mwenzake aanguke.

Hatimaye aliazimia kutunga filamu tatu fupi kuhusu wanyonge. Ya kwanza, Le Franc, ilitoka mwaka wa 1994. Ya pili, La Petite Vendeuse de Soleil, inamhusu Sili, msichana anayetembea kwa magongo na kuuza magazeti barabarani miongoni mwa wavulana wanaomsumbua. Mambéty hakuiona ikionyeshwa. Saratani ya mapafu ilimuua jijini Paris mwezi wa Julai 1998, akiwa na umri wa miaka 53. Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 1999. Ya tatu haikutengenezwa kamwe.

Mwaka wa 2008 Touki Bouki ilikarabatiwa, ikapata watazamaji ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Wasomi wa fasihi watakaoitazama watakuta humo swali ambalo vijana wa bara hili wangali wanaulizana: kupanda meli, au kubaki?