Gustav wa Tatu: mfalme aliyezipima hatia za wengine

Mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden alipigwa risasi mjini Stockholm usiku wa Machi 16, 1792, akiwa katikati ya wageni waliofunika nyuso zao. Alifariki dunia siku 13 baadaye, akiwa na umri wa miaka 46. Wengi duniani wanamfahamu kwa sababu ya kifo hicho, ambacho mtunzi wa muziki wa Italia, Giuseppe Verdi, alikifanya kisa cha opera mwaka 1859.

Lakini kwa wanaofuatilia historia ya sheria, maisha ya mfalme huyo yanabeba swali jingine. Mtu anapotenda kosa kubwa, je, hali iliyomzunguka ipunguze lawama na adhabu inayomstahili? Na ni nani mwenye haki ya kuamua hivyo? Gustav alilijibu swali hilo kwa amri zake alipokuwa hai. Alipokuwa kitandani akisubiri kufa, likamrudia, safari hii likiwahusu watu waliopanga kumuua.

Mfalme kijana

Gustav alizaliwa Stockholm Januari 24, 1746. Baba yake alikuwa Mfalme Adolf Fredrik, na mama yake, Lovisa Ulrika, alikuwa dada wa Mfalme Frederick Mkuu wa Prusia. Alilelewa katika lugha na fikra za Kifaransa, na alikuwa mjini Paris mwaka 1771 habari zilipomfikia kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ndiye mfalme.

Kiti alichokirithi hakikuwa na nguvu. Kwa takriban nusu karne Sweden ilikuwa imeongozwa na Bunge, ambamo vyama viwili vilishindana huku vikipokea fedha kutoka mataifa ya nje. Agosti 19, 1772, Gustav alitwaa madaraka akisaidiwa na wanajeshi, bila damu kumwagika.

Mwezi huo huo alipiga marufuku kuwatesa watuhumiwa ili wakiri makosa. Mwaka 1779 adhabu ya kifo ikaondolewa kwa makosa kadhaa, likiwemo lile la uchawi. Miaka miwili baadaye, Wakristo wa madhehebu mengine waliohamia nchini humo wakaruhusiwa kuabudu kwa uhuru. Mwaka 1786 mfalme akaanzisha Chuo cha Lugha na Fasihi cha Sweden, chombo kile kile ambacho mwaka 2021 kilimtunuku Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah.

Hata hivyo hakuwa mtu wa uhuru katika kila jambo. Mwaka 1766, kabla hajatawazwa, Sweden ilikuwa imepitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake duniani. Gustav aliipunguza makali mwaka 1774, na wachapishaji wa Stockholm wakaanza tena kujiuliza ni lipi la kuandika na ni lipi la kunyamazia.

Huruma yake pia ilikuwa na mipaka ya kijiografia. Mwaka 1784 alikipata kutoka kwa Ufaransa kisiwa cha Saint-Barthélemy katika bahari ya Karibi, na mwaka 1786 kampuni ya Sweden ya huko ikapewa kibali kilichojumuisha biashara ya watumwa kutoka Afrika. Utumwa kisiwani humo haukukomeshwa hadi mwaka 1847. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa mwanadamu mchungu.

Mama na mkunga

Amri inayoonyesha vizuri zaidi namna alivyoyatazama makosa ilitolewa Oktoba 17, 1778, nayo iliwahusu wanawake waliowaua watoto wao wachanga.

Chini ya sheria ya Sweden ya mwaka 1734, mama aliyefanya hivyo alihukumiwa kifo. Ni miongoni mwa makosa yaliyowafikisha wanawake wengi mbele ya mnyongaji katika karne hiyo. Mara nyingi mshitakiwa alikuwa mtumishi wa nyumbani, hajaolewa, ameficha mimba kwa miezi na kujifungua peke yake gizani. Alichokiogopa kilikuwa wazi: aibu ya kijiji kizima, kufukuzwa kazini, na mtoto asiye na wa kumlisha.

Amri ya 1778 haikusema kwamba mama huyo hana hatia, wala haikuhalalisha mauaji. Ilichofanya ni kuiangalia hofu iliyotangulia kosa. Mwanamke aliruhusiwa kwenda kujifungulia mahali asikojulikana, na mkunga akakatazwa kumlazimisha ajitambulishe. Sheria ilikiri kwamba kitisho cha kifo hakikuwa kimewazuia wanawake hao, kwa sababu siku ile waliiogopa aibu kuliko upanga.

Hapo ndipo penye kiini cha kile ambacho mahakama huita sababu za kupunguza adhabu. Tendo linabaki kuwa ovu, na aliyekufa anabaki amekufa. Linalobadilika ni kipimo cha lawama. Hakimu huuliza mtenda kosa alikuwa amesimama wapi, alikuwa na njia ngapi mbele yake, na kama anaelekea kurudia.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawako mbali na fikra hiyo. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizochota kutoka sheria za Uingereza, zinalo kosa la pekee kwa mama anayemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kutokana na uzazi. Huadhibiwa kama mtu aliyeua bila kukusudia.

Makabaila wakasirika

Mwaka 1788 Gustav aliingia vitani dhidi ya Urusi bila ridhaa ya Bunge. Kundi la maofisa wa jeshi lake nchini Finland, wengi wao makabaila, likamwandikia malkia wa Urusi, Catherine wa Pili, likitaka amani. Lilikuwa tendo la uhaini. Maofisa kadhaa walihukumiwa kifo, lakini aliyeuawa ni mmoja tu, Kanali Johan Henrik Hästesko, mwaka 1790 mjini Stockholm. Wengine walinusurika kwa msamaha wa mfalme au kwa kuikimbia nchi.

Mwaka 1789 mfalme alikuwa amelilazimisha Bunge kukubali sheria iliyomwongezea madaraka na kuwaondolea makabaila sehemu kubwa ya upendeleo waliokuwa nao, ikiwemo haki ya peke yao ya kushika nyadhifa nyingi za juu. Wakulima na watu wa mijini walifurahi. Makabaila waliona kwamba mtu mmoja sasa ameimeza nchi, na baadhi yao wakaanza kukutana kwa siri.

Usiku wa barakoa

Jioni ya Machi 16, 1792, Gustav alikuwa akila chakula katika jumba la opera la Stockholm kabla ya kuingia kwenye dansi ambamo wageni wote huvaa barakoa. Akaletewa barua isiyo na jina. Mwandishi wake alimwonya kwamba kuna njama ya kumuua na kumsihi asihudhurie dansi hiyo.

Mfalme alimwonyesha barua hiyo msaidizi wake, Hans Henric von Essen, ambaye alimwomba asiingie ukumbini au walau avae kinga kifuani. Gustav alikataa yote mawili. Alikuwa amekwishapokea vitisho vingi, na mtu aliyezoea hatari huishia kuipima kwa mizani nyepesi. Akaingia akiwa na barakoa usoni, lakini nishani yake ya nyota ilionekana wazi kifuani.

Watu waliovaa nguo nyeusi walimzunguka. Nahodha wa zamani wa jeshi, Jacob Johan Anckarström, akamfyatulia bastola kwa nyuma. Milango ilifungwa, kila mgeni akaamriwa kuvua barakoa na kuandikisha jina lake. Bastola zilizoachwa sakafuni zilipelekwa kwa mafundi wa silaha wa mji, mmoja akamtaja mteja wake, na kesho yake Anckarström akakamatwa.

Uchunguzi uligundua pia aliyeandika barua. Alikuwa Carl Pontus Lilliehorn, ofisa wa kikosi cha walinzi aliyekuwa amefadhiliwa sana na mfalme, na ambaye alikuwa mmoja wa waliokula njama.

Mtu anaweza kusema kwamba Gustav alijitakia, kwani alionywa akapuuza. Sheria haikubali hoja hiyo. Uzembe wa aliyeuawa haumpunguzii muuaji mzigo. Lakini barua yenyewe ni jambo jingine, kwa sababu ni tendo la mmoja wa washitakiwa.

Adhabu zisizolingana

Kidonda cha mfalme kilioza, na alifariki Machi 29. Kabla ya kufa aliomba waliokula njama wasiuawe. Mwanawe, Gustav Adolf, alikuwa na miaka 13 tu, hivyo mdogo wa marehemu, Mtawala Karl, akashika uongozi kwa niaba yake. Utekelezaji wa ombi hilo ukawa mikononi mwake.

Kwa Anckarström hakukuwa na la kupunguza. Alikuwa na kinyongo cha siku nyingi: mwaka 1790 alikuwa ameshitakiwa kwa kumkashifu mfalme, kesi ikaishia bila kupatikana ushahidi wa kutosha. Alimwona Gustav kuwa dhalimu aliyevunja katiba. Mahakama haikuyapa mambo hayo uzito wowote. Alivuliwa ukabaila, akachapwa viboko hadharani kwa siku tatu katika viwanja vya Stockholm, na Aprili 27, 1792, akakatwa mkono wa kulia kisha kichwa. Hayo yalifanyika katika nchi iliyokuwa imepiga marufuku utesaji wa watuhumiwa miaka 20 kabla.

Washitakiwa wengine wanne, Claes Fredrik Horn, Adolph Ludvig Ribbing, Carl Fredrik Ehrensvärd na Lilliehorn, walihukumiwa kifo pia, lakini Karl akaibadilisha adhabu yao kuwa kufukuzwa nchini maisha. Jenerali mzee Carl Fredrik Pechlin, aliyeshukiwa kuwa kiongozi wa njama, hakukiri neno. Aliwekwa kizuizini katika ngome ya Varberg, akafia humo mwaka 1796. Wafuasi wa marehemu mfalme walikasirika, wakiona damu yake imeuzwa kwa bei rahisi.

Tuwatazame wanne hao kwa makini. Horn na Ribbing walikuwepo ukumbini usiku ule pamoja na muuaji. Ehrensvärd aliijua njama. Lilliehorn aliijua pia, lakini alijaribu kuizuia, ingawa hakuwa na ujasiri wa kuwataja wenzake wala kujitaja yeye mwenyewe. Vitendo vyao havikulingana, ila adhabu ya mwisho ikawa moja. Horn aliishia Denmark, Ribbing akaenda Ufaransa, na Lilliehorn akaishi Ujerumani kwa jina jingine.

Kuishi uhamishoni si jambo dogo, na sisi tunaoishi mbali na makwetu hatuhitaji kuelezwa hilo. Ni kulala katika lugha ya watu na kufa mahali ambapo hakuna anayejua jina la bibi yako. Lakini ni uhai. Kwa Lilliehorn lililobaki bila jibu ni kama barua yake ilipimwa hata kidogo, au kama alipewa tu fungu lake la huruma iliyogawiwa kwa wote.

Neema au haki?

Huo ndio udhaifu wa huruma ya wafalme. Gustav aliweza kuwaelewa wanawake waliojifungua gizani, na aliweza kuwaombea waliotaka kumuua. Lakini kila mara ilikuwa zawadi iliyotoka mkononi mwa mtu mmoja, na zawadi haidaiwi mahakamani. Hästesko alikatwa kichwa na wenzake wakapona, kwa sababu mfalme alitaka iwe hivyo.

Sheria ya Sweden ilichukua muda mrefu kuligeuza jambo hilo kuwa haki. Mtu wa mwisho kuuawa kwa hukumu nchini humo alikatwa kichwa katika gereza la Långholmen, Stockholm, mwaka 1910. Adhabu ya kifo wakati wa amani ilifutwa mwaka 1921. Sheria ya jinai inayotumika tangu 1965, katika sura yake ya 29, inamwelekeza hakimu kupima mambo kama uchokozi, umri mdogo, huruma kubwa ya kibinadamu iliyomsukuma mtu, na pia juhudi za mshitakiwa mwenyewe za kuzuia madhara ya kosa lake. Chini ya kanuni kama hiyo, wakili wa Lilliehorn angeiweka ile barua mezani na kudai ijibiwe.

Afrika Mashariki nayo imeipita njia hiyo kwa hatua zake. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kusikiliza mazingira ya mshitakiwa inakwenda kinyume cha katiba. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifikia uamuzi kama huo Desemba 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu. Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua vivyo hivyo dhidi ya Tanzania, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake.

Hakuna kati ya mahakama hizo iliyosema kwamba muuaji aachiwe. Zilichosema ni kwamba asikilizwe kwanza, mmoja mmoja, na kwamba kusikilizwa huko si hisani ya mtawala.

Gustav wa Tatu amezikwa katika kanisa la Riddarholmen mjini Stockholm. Mavazi aliyoyavaa usiku ule wa Machi, yakiwa na tundu la risasi mgongoni, yangali yamehifadhiwa katika makumbusho ya Jumba la Kifalme, umbali mfupi kutoka kanisa hilo.