Mwenye Nguvu Mpishe: Maisha ya Humphry Davy

Nilipokuwa kidato cha pili niliutumbukiza msumari katika maji ya buluu ya kopa salfeti, yaani chumvi ya shaba. Baadaye nikauona umevaa koti jekundu! Chuma kilikuwa kimeitimua shaba na kukalia kiti chake. Nilikariri tu ili nipite mtihani. Maana yake ilinifungukia niliposoma maisha ya Humphry Davy.

Davy alizaliwa mwaka 1778 huko Penzance, Uingereza. Alifiwa na babake akiwa kijana, akaenda kufunzwa kazi na tabibu wa mjini. Kemia alijisomea mwenyewe. Mwaka 1801 aliajiriwa na Royal Institution, London, na watu wakafurika kumsikiliza.

Mwaka 1807 alipitisha umeme wa betri katika potashi yenye unyevu kidogo, akapata potasiamu. Kitonge chake kikigusa maji, moto! Potasiamu huitimua haidrojeni majini, na joto likaiwasha. Mwaka 1810 alionyesha kwamba klorini ni elementi. Hiyo si metali, lakini mchezo ni ule ule: huifukuza iodini katika chumvi yake.

Kisa kilichonigusa hasa ni cha mwaka 1824. Shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza ilikuwa ikiliwa na maji ya bahari. Davy akashauri ibandikwe vipande vya zinki au chuma, kwani metali hizo zina pupa kuliko shaba, basi zingeliwa zenyewe kwanza. Naam, shaba ikasalimika. Kumbe shaba ile ilipokuwa ikiliwa, sumu yake ndiyo iliyokuwa ikifukuza mwani na viumbe vya magamba! Sasa vikajishikiza, meli zikawa nzito kama magogo. Mpango ukaachwa na Davy akalaumiwa vikali. Alifariki Geneva, Uswisi, mwaka 1829, akiwa na miaka 50.

Lakini wazo lake halikuzikwa naye. Hadi leo meli za chuma hubandikwa zinki, nayo huliwa ili chuma kipone. Mimi nami nimeacha kukariri. Nikikutanisha metali na chumvi, najiuliza tu: mwenye nguvu ni nani, na nani atapisha?