Ibnul Haitham wa Basra na Elimu ya Vioo

Huyu ni Abu Ali Al-Hasan bin Al-Hasan bin Al-Haitham, ambaye Wazungu humwita Alhazen. Alizaliwa Basra yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 wa Miladi, akawa hodari wa hisabu na handasa.

Akali Iraki, alisema kwamba lau angekuwa Misri angalifanya katika mto Nili jambo la kuufaidisha, ukijaa na ukipwa. Khabari zikamfikia Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi, naye akamwita. Msomaji asidhani mto huo u mbali nasi: mvua inyeshayo Ijumbi, upande wa Bukoba na Muleba, hushuka hata Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hilo hutokea kwa Nili yakenda Misri.

Bin Al-Haitham akapanda mto mpaka karibu na Aswan. Njiani akaona majengo ya watu wa kale, yaliyojengwa kwa hisabu kamili, akatambua kwamba lau kazi ile ingaliwezekana wale wangalitangulia kuifanya. Akarudi, akakiri kushindwa. Si jambo dogo hilo, kwani Al-Hakim alikuwa akiua watu kwa sababu ndogo. Akapewa kazi ya diwani. Khofu ikamshika, akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikachukuliwa, naye akafungiwa nyumbani mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Hapo akili zikamrudia! Akakaa karibu na Jamii ya Az-har, akipata chakula chake kwa kunakili vitabu vya handasa, dinari 150 kwa mwaka.

Kitabu chake kikubwa ni Kitabul Manadhir, chenye makala 7. Wayunani kina Euclid na Ptolemy walidhani jicho hutoa mwali ukaenda kukigusa kitu. Yeye alibainisha kwamba nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Ndiyo maana atazamaye jua huumia.

Kisha akaeleza vioo. Chukua mpira wa shaba ulio mtupu ndani, ukate kipande chake. Ukisugua upande wa ndani hata ukang'aa, hicho ni kioo mbonyeo. Ukisugua upande wa nje, ni kioo mbinuko. Katikati ya ule mpira ndipo kitovu cha kioo, na mstari utokao kitovuni ukapiga katikati ya kioo ndio mhimili. Kioo mbonyeo kikielekezwa juani, miale iliyo karibu na mhimili hukutana nusu ya njia baina ya kioo na kitovu, na hapo karatasi huweza kuungua. Leo huitwa fokasi, neno la Kilatini lenye maana ya meko.

Lakini yeye hakuridhika na karibu-karibu. Alithibitisha kwamba miale ipigayo mbali na mhimili hukutana mahali pengine, karibu zaidi na kioo. Kila duara ya kioo ina nukta yake. Kwa hiyo kioo cha mpira hakikusanyi nuru yote mahali pamoja, na ila hiyo ingali ikiwasumbua mafundi wa darubini.

Makala ya saba ni ya nuru ipitayo katika maji na bilauri. Baharia autiaye upondo majini huuona kama umevunjika. Sababu ni kwamba nuru hupinda inapotoka majini kuingia hewani. Akaandika pia risala juu ya tufe la bilauri liunguzalo. Lenzi za miwani zilikuja kutengenezwa Italia kiasi cha miaka 250 baada yake, nazo kwa Kiarabu huitwa adasa, kwa kufanana na punje ya adesi.

Alikufa Kairo yapata mwaka 1040, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572.