John Bunyan, mtu wa mashaka aliyeandika Safari ya Msafiri

Wakristo wengi wa hapa kwetu Ituri, zaidi wale wa makanisa ya Kiprotestanti, wanamjua John Bunyan kwa kitabu kimoja tu: Safari ya Msafiri, hadithi ya mtu aliyebeba mzigo mgongoni akitafuta mji wa mbinguni. Kisichojulikana sana ni kwamba mwandishi mwenyewe aliteswa miaka mingi na mawazo yanayojirudia kichwani bila kuitwa. Madaktari wa akili wa leo wana jina la ugonjwa huo, kwa Kifaransa wanaufupisha TOC. Ni kweli, hakuna daktari aliyempima, mtu amekufa zaidi ya miaka 330. Lakini aliandika habari za maisha yake, na tangu mwaka wa 1894, pale Mmarekani Josiah Royce alipozichambua, wataalamu wanarudi kwake kila mara.

Alizaliwa mwaka wa 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria, naye akarithi kazi hiyo. Alipokuwa na miaka 15 mama yake akafa, mwezi uliofuata dada yake akafa pia, na mwaka huohuo akaingia jeshini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Sisi wakaaji wa Ituri hatuna haja ya kuelezwa kijana anarudi na nini kichwani kutoka mambo kama hayo, ingawa ugonjwa huu unawapata hata watu ambao hawajasikia risasi.

Alioa angali kijana, nyumba haina hata sahani wala kijiko. Mtoto wake wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu.

Hapo ndipo mambo yalianza kumzidi. Alipenda sana kupiga kengele za kanisa, lakini akaanza kuona ni dhambi, akaacha. Akawa anaenda tu kutazama wenzake wakipiga. Siku moja akawaza: kama kengele ikianguka? Akasimama chini ya boriti. Kisha akawaza kwamba kengele inaweza kugonga ukuta na kumrudia hata chini ya boriti. Akasogea mlangoni. Basi wazo likamfuata mlangoni: na mnara wote ukianguka? Akakimbia. Kila mara alipopata mahali pa usalama, wasiwasi ulipata swali jipya.

Baadaye likaja lile baya kuliko yote. Kwa muda wa mwaka mzima wazo moja lilimrudia mchana na usiku, kwamba amuuze Kristo. Mtu huyu alimpenda Kristo kuliko kitu chochote, na ni pale pale wazo lilipompiga. Ugonjwa huu mara nyingi unachagua kile unachokithamini zaidi: mama mwema anaona picha ya kumwumiza mtoto wake, mtu wa sala anasikia matukano. Bunyan alijibu wazo kila lilipokuja. Alikataa, akakataa tena, hata akisukuma kwa mikono na viwiko kama mtu anayepigana. Alikuwa anaacha chakula mezani aende kuomba. Asubuhi moja, amechoka kabisa, akasikia moyoni kama amekubali: aende zake kama anataka. Basi, akaona amekwisha. Miaka miwili hivi alijihesabu kuwa Esau, aliyeuza haki yake na kukosa nafasi ya kutubu.

Alienda kwa mzee mmoja wa imani, akamweleza kwamba anaogopa ametenda dhambi isiyosamehewa. Mzee akamjibu kuwa naye anafikiri hivyo! Hapa wengi watasema mzee alikosea, na kweli alikosea. Lakini kwa maoni yangu, hata angejibu vizuri, jibu lingedumu saa chache tu. Bunyan alikuwa amekwisha kupata majibu mengi mazuri kutoka katika Biblia, na kila jibu liliisha kama maji katika kikapu.

Kilichomsaidia kilikuja polepole. Wanawake maskini watatu ama wanne aliowakuta Bedford wameketi mlangoni kwenye jua, wakizungumza kwa furaha mambo ya Mungu, walimwonyesha njia ya kanisa la mchungaji John Gifford. Akasoma maelezo ya Luther juu ya Wagalatia na kuona mtu mwingine amepita palepale. Na siku moja, akitembea shambani, akafahamu kwamba haki yake iko mbinguni, haiko ndani ya hali ya moyo wake: moyo ukiwa mzuri hauiongezi, ukiwa mbaya hauipunguzi.

Amepona? Hapa ndipo habari yake inatuhusu zaidi. Kwetu Bunia, mgonjwa wa mawazo akitoka kwa daktari ama chumba cha maombi na kupata nafuu, siku wazo likirudi mara moja tu, jamaa wanasema hakupona, labda amerogwa. Na yeye mwenyewe anaanza kujiuliza kama nafuu ile ilikuwa ya uongo. Bunyan alipitia hayo. Alipopokelewa kanisani na kushiriki meza ya Bwana, matukano yalimjia pale pale mezani, karibu miezi tisa. Alipoanza kuhubiri, mara nyingine yalimjia akiwa mbele ya watu, karibu ayatamke. Aliendelea kuhubiri.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1660 akakamatwa kwa kuhubiri bila ruhusa. Alikaa gerezani miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili mke wake wa pili, Elizabeth, na watoto wapate chakula. Mwanzoni aliogopa kunyongwa. Aliogopa kwamba atatetemeka kwenye ngazi na kuaibisha imani yake, na hakuwa na hakika ataenda wapi akifa. Mwishoni akaamua: hata faraja isipokuja, ataruka kutoka ngazi ile, mbingu ama jehanamu, na atabaki wa Mungu. Hakusubiri mashaka yaishe.

Matibabu ya TOC ya leo yanafundisha kitu cha jamaa na hicho, pamoja na dawa kwa wanaozihitaji: kuacha swali bila jibu, kutorudia kuhakikisha, kuendelea na kazi wakati hofu ingali inasema. Ni kazi ya daktari na mgonjwa, hatua kwa hatua, na inaumiza mwanzoni.

Mwaka wa 1666, angali gerezani, alichapisha habari za maisha yake. Mwishoni aliorodhesha mambo saba mabaya anayoyaona bado moyoni mwake, na la kwanza ni kuelekea kutoamini. Alitoka mwaka wa 1672, akachunga kanisa la Bedford, na Safari ya Msafiri ikatoka 1678. Mnaokijua kitabu mnakumbuka ngome ya Mashaka, ambamo msafiri anafungwa na jitu Kukata Tamaa, akiwa na ufunguo kifuani mwake muda wote. Jitu halifi pale, wasafiri wanatoroka tu.

Mwaka wa 1688 Bunyan alisafiri juu ya farasi kwenda kupatanisha baba na mwana waliokosana. Walipatana. Akielekea London mvua ikamnyeshea, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 mwezi wa nane, akiwa na miaka 59.