Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari na Lawama Isiyo Yake

Miongoni mwa majina yanayotajwa sana katika historia ya Bahari ya Hindi, ni machache yaliyosifiwa na kulaumiwa kwa pamoja kama jina la Ahmad bin Majid. Mabaharia walimheshimu kama walii. Vitabu vya historia vimemkumbuka zaidi kwa jambo moja, nalo ni kwamba alimwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mnamo 1498. Maisha yake yakichunguzwa, hubainika kwamba sifa anazostahili ni nyingine, na kwamba lawama hiyo haina msingi wa kutegemewa.

Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, karibu na mahali ulipo mji wa Ras al-Khaimah wa sasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo. Baba aliijua mno Bahari ya Shamu, na ujuzi huo aliutungia shairi lenye zaidi ya beti elfu moja. Kwa hiyo mtoto alirithi kazi mbili: kuongoza chombo na kutunga. Cheo cha ukoo huo kwa Kiarabu kilikuwa muallim, neno ambalo kwa Kiswahili limekuwa mwalimu. Mwanafunzi wa Gatongora au Thika anayemwamkia mwalimu wake kila asubuhi hulitumia, pengine bila kujua, neno ambalo baharini lilikuwa cheo cha mtu aliyebeba dhamana ya roho za watu.

Dhamana hiyo ilianzia kwenye chombo chenyewe. Merikebu za zama zake ziliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Muundo huo ulidumu katika mitepe ya Lamu, iliyosafiri kwa tanga la mkeka la pembe nne hadi ilipotoweka. Jahazi tulijualo lina mlingoti ulioinamia mbele, foromali iliyobeba tanga, henza ya kuipandishia foromali hiyo, demani ya kulivutia tanga, na mlingoti wa maji unaotokeza mbele ya omo. Zana hizo hukitii chombo kinapopata upepo wa nyuma au wa ubavuni. Upepo ukiwa wa mbele, kazi huwa nzito. Katika vyombo vikubwa vya tanga la aina hiyo, ilibidi upepo upewe tezi na foromali izungushwe mbele ya mlingoti, huku mabaharia wakipambana na kamba. Ndiyo maana ya methali isemayo kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Mwalimu wa bahari hakushindana na upepo, aliujua, akaungoja.

Elimu ya kungoja na ya kupima ndiyo aliyoiandika Ahmad bin Majid. Mnamo 1462 alikamilisha Hawiya, utungo wa kufundishia wenye zaidi ya beti elfu moja uliogawanywa katika sura 11. Takriban mwaka 1490 alikamilisha Kitab al-Fawaid, kitabu cha nathari chenye mafunzo 12. Humo alieleza manazili ya mwezi, pande 32 za dira zilizopewa majina ya nyota, vipimo vya kimo cha nyota kwa vidole, dalili za nchi kavu, na tarehe za kusafiri. Alimtaka mwalimu akikague chombo kingali pwani, asikubali kipakiwe kupita kiasi, na asisafiri na watu wasiomtii. Alifafanua pia majira ambayo bahari hufungwa, yaani kipindi ambacho kusi huvuma kwa nguvu mno hata vyombo visithubutu kutoka. Sehemu kubwa ya kazi zake ni mashairi, na sababu yake ni dhahiri. Usiku wa dhoruba hakuna afunguaye kitabu. Ubeti uliohifadhiwa kichwani haulowi maji. Msomaji wa tendi za Kiswahili za mafunzo hatashangazwa na matumizi hayo ya ushairi.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake. Moja ya tungo zake inahusu njia ya kwenda Sofala, nayo inazitaja bandari za pwani hii. Hati yake ilihifadhiwa Leningrad na kuchapishwa na Shumovsky mnamo 1957. Vyombo vilishuka huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Katika mpango huo ndimo Waswahili, Waarabu, Waajemi na Wahindi walimofanya biashara kwa karne nyingi.

Katika bahari hiyo Vasco da Gama aliingia na vyombo vya matanga ya pembe nne, vyenye mlingoti wa maji uliobeba tanga lake dogo, asijue majira. Alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498. Mjumbe wa mfalme alipozuiliwa chomboni ndipo mwongozaji akatolewa. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, na tarehe 20 Mei walikuwa karibu na Calicut. Mwongozaji huyo alikuwa nani? Waandishi wa Kireno Castanheda na Barros walimtaja kuwa mtu wa Gujarat, kwa majina kama Canaca na Malemo Caná. Malemo ni mwalimu. Neno la pili hufasiriwa na wataalamu kuwa cheo cha Kihindi cha mjuzi wa hesabu za nyota. Yaonekana vyeo viligeuzwa kuwa jina, na jina halisi likapotea.

Aliyemtaja Ahmad bin Majid ni al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, akidai kwamba mwalimu huyo alileweshwa kwanza. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Ferrand aliikubali habari hiyo, nayo ikaenea. Tibbetts, aliyetafsiri Fawaid mnamo 1971, pamoja na wachunguzi wengine, waliitilia shaka. Ni kweli kwamba katika utungo wa Sofala mna beti zinazowataja Wareno kwa masikitiko, na wahakiki hawakubaliani iwapo ni zake au ziliongezwa. Hata hivyo, hakuna ubeti anamodai kuwa aliwaongoza.

Safari ya kurudi yathibitisha thamani ya elimu yenyewe. Da Gama aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijatulia. Bahari aliyoivuka kwa takriban siku 23 ilimchukua karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa, na alipofika Malindi Januari 1499 mabaharia hawakutosha tena. Chombo kimoja kikachomwa moto kusini ya Mombasa. Milingoti yake ilikuwa imara na matanga yake yalikuwa makubwa. Kilichokosekana ni mwalimu.

Shairi la mwisho la Ahmad bin Majid lenye tarehe ni la takriban mwaka 1500. Baada ya hapo habari zake hukoma. Mabaharia hawakumsahau. Mnamo 1854 Mwingereza Burton, aliposafiri kutoka Aden, aliwashuhudia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kutweka tanga. Mabaharia hao walimwombea mtu aliyewafundisha kurudi nyumbani salama, na hilo ndilo jina ambalo wanafunzi wa fasihi na historia ya pwani hii wanapaswa kumrudishia.