Leonhard Rauwolf, daktari aliyekusanya mimea kando ya mto Frati

Mto Frati tunausoma tangu Mwanzo sura ya 2, lakini wachache wetu wamewahi kujiuliza ni miti gani inayoota kando yake. Mlutheri mmoja wa Ujerumani alisafiri hadi huko ili aione kwa macho yake.

Leonhard Rauwolf alizaliwa Augsburg karibu na mwaka 1535. Alisomea udaktari Montpellier, Ufaransa, na huko akajifunza kukausha mimea na kuibandika kwenye karatasi. Wakati ule dawa karibu zote zilitoka katika mimea, na waganga wa Ulaya walisoma majina yake katika vitabu vya Wagiriki na Waarabu bila kuiona mimea yenyewe.

Mwaka 1573 shemeji yake, mfanyabiashara, alimgharamia safari ya kutafuta dawa mashariki. Alifika Tripoli, kisha Aleppo. Mwaka 1574 alishuka mto Frati kwa mashua, akapita jangwani hadi Baghdad, akarudi kwa njia ya Mosul. Mwaka 1575 alifika Yerusalemu. Kila alipopata nafasi alichuma matawi, akauliza wenyeji wanaitaje mti ule, na jina la Kiarabu akaliandika.

Kingo za mto ule zina vichaka vya tamariski. Ni mti wenye majani madogo kama magamba na maua ya rangi ya waridi. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na majani yake hutoa chumvi inayonyonywa ardhini. Wataalamu wengi wanasema ndio mti ambao Ibrahimu alipanda Beer-sheba. Biblia zetu zimeandika mkwaju, lakini usifikiri ni ule wenye matunda machachu tunaoujua. Ni mti wa jangwa: aliyeupanda alijua kwamba kivuli chake kitawafaa watoto na wajukuu.

Rauwolf alirudi nyumbani mwaka 1576, na kitabu chake kikatoka mwaka 1582. Ndani yake aliwaeleza watu wa Ulaya jinsi watu wa Aleppo walivyokunywa kahawa, zao ambalo leo linalisha familia nyingi za Kivu.

Kisha majaribu yakaja. Ugomvi wa dini ukautikisa Augsburg, na mwaka 1588 Rauwolf akapoteza kazi yake ya daktari wa mji kwa sababu alishikamana na upande wa Waprotestanti. Akahamia Linz. Mwaka 1596 alikufa Hungaria, akiwahudumia askari vitani.

Mimea yake nayo ilipita katika vita. Wakati wa Vita ya Miaka 30 wanajeshi wa Sweden waliipora kutoka München. Ikapita mikononi mwa watu mbalimbali, mwishowe ikafika Leiden, Uholanzi. Ipo huko hadi leo, na kitabu kimoja kati ya vinne kina mimea karibu 200 ya safari ile. Sisi tulioona maktaba, rejista na madaftari ya makanisa yetu yakichomwa au kuibwa tunaelewa hiyo ni neema ya namna gani.

Wataalamu waliita jamii moja ya mimea Rauvolfia kwa heshima yake. Mmoja wao unaota katika misitu yetu ya Kongo, na mizizi yake ina dawa ya kushusha shinikizo la damu. Wazee wetu waliutumia kabla ya jina hilo kufika.

Basi, ndugu, katika parokia yako nani anajua majina ya miti na kazi yake? Pengine ni mama mzee anayekaa benchi la nyuma. Adamu alipewa kazi ya kutaja majina ya viumbe. Twende tumuulize mama huyo, tuandike, kabla hajalala.