Cicely Saunders, daktari aliyepigania wagonjwa wasio na tiba

Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka wa 1918. Alisomea uuguzi, lakini maumivu ya mgongo yakamlazimu kuiacha kazi hiyo, akawa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Huko London alifanya urafiki na David Tasma, mkimbizi kutoka Poland aliyeugua saratani. Tasma alipofariki mwaka wa 1948, alimwachia pauni 500 za kuanzisha makao ya wagonjwa kama yeye.

Ili madaktari wamsikilize, Saunders alirejea darasani, akahitimu udaktari mwaka wa 1957 akikaribia miaka 40.

Wakati huo wengi walihofia uraibu, hivyo mgonjwa alipewa mofini baada ya kuzidiwa na uchungu. Desturi ya kikatili, ingawa haikukusudiwa kuwa hivyo. Saunders aliitoa kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walitulia, wakaweza kuzungumza na jamaa zao wakiwa na akili timamu.

Mwaka wa 1967 alifungua St Christopher's, London. Mfano huo ulienea, na Nairobi Hospice ikaanzishwa mwaka wa 1990. Saunders mwenyewe aliugua saratani, akauguzwa St Christopher's hadi alipofariki mwaka wa 2005.